Kitabu Ndani ya Kabati la Kioo

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Tangu alfajiri upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani, upepo mkavu wa kiangazi wenye baridi ya kuuma masikio, na anga ya Mwanza ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Wauza dagaa wa Mkuyuni walipanga meza zao wakiwa wamevaa masweta. Odeta alivaa gauni la kitenge cha bluu alilolishona mwenyewe, akajitanda mtandio, akauvua, akajitanda tena.

"Huo mtandio utachanika kabla hatujatoka," alisema shangazi yake Hellen, aliyekuwa amekaa kitandani akimngoja. "Uvae au uuache. Huyo mwanamume anakijua kichwa chako toka zamani. Na si kichwa tu."

"Shangazi!"

"Nimekosea? Au Rose alishuka na mvua?"

Odeta alicheka, akafunika mdomo kwa kiganja. Ilikuwa muda mrefu hajacheka hivyo, kicheko cha msichana, na yeye alikuwa na miaka thelathini na moja.

Uani, mama yake, Paskazia, alikuwa anapepeta mchele. Hakucheka.

"Mama, sisi tunakwenda."

"Nimesikia."

"Kesho washenga wake wanakuja. Leo nataka nimpe neno langu mwenyewe, asilisikie kwa watu."

"Neno lako unalo wewe. Langu nilishalisema." Mama alirusha mchele, akaudaka, akapuliza pumba. "Mtu aliyekuacha usimame peke yako mbele ya kanisa zima, ukimpa nyumba atakuacha usimame peke yako ndani ya nyumba."

"Alieleza, mama. Meli ya Nansio haikuondoka siku ile."

"Meli," alisema mama, kana kwamba ameokota jiwe katika mchele. "Haya, nenda. Mungu akutangulie."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Miaka minane iliyopita Odeta alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya Kanisa la Mawe, na Yeremia Mafuru alikuwa mwalimu wa kwaya hiyo. Walipendana kwa siri, kwa macho tu, wakitazamana juu ya madaftari ya nyimbo, mpaka siri ikaota tumbo. Kanisani kwao kila mtu aliijua desturi: aliyeanguka anatengwa. Anakaa benchi la nyuma kabisa, haimbi, hasogei meza ya Bwana. Muda wake ukitimia anasimama mbele ya usharika wote, anaungama kwa kinywa chake, ndipo anapokelewa tena kundini. Odeta alikaa benchi la nyuma miezi mitatu, na hakumwambia mtu yeyote mimba ni ya nani. Yeremia alikuwa amemshika mikono yote miwili akamwambia, "Usinitaje. Siku yako ya kusimama nitatoka mwenyewe kwenye kwaya, nije kando yako. Tutasimama wawili."

Siku ilipofika, alisimama mmoja. Mzee wa kanisa alimwuliza mbele ya watu, "Mwenzako ni nani?" Odeta alitazama mlangoni mara ya mwisho, akajibu, "Mungu anamjua." Baba yake, Mwalimu Chenge, katibu wa wazee wa kanisa, alikuwa amekaa mezani na kalamu mkononi. Hakuinua macho. Siku ya pili yake Odeta alipelekwa kwa bibi yake Misungwi, akamzaa Rose huko. Baada ya miezi michache Yeremia alihamia Nansio, Ukerewe, kufundisha shule, akanyamaza kimya cha miaka.

Alirudi mwaka jana. Wakati huo usharika ulikuwa umejenga kanisa jipya kubwa kule chini barabarani, na jengo la zamani limegeuzwa nyumba ya utamaduni. Yeremia ndiye aliyepewa kuisimamia. Alimfuata Odeta kwenye cherehani yake, akapiga magoti juu ya vipande vya vitambaa, akaeleza. Jumamosi ile alikwenda Nansio kumwona mama yake mgonjwa. Ziwa likachafuka, meli haikuondoka, Jumapili ikampita akiwa gatini. Baada ya hapo aibu ikamfunga miguu. Odeta alifunga na kuomba siku saba. Siku ya nane alimsamehe, na alipomsamehe aligundua kwamba kumpenda hakujawahi kukoma.

Ndiyo maana leo alikuwa anapanda mlima.

Kanisa la Mawe lilikaa juu ya mteremko, kati ya miamba mikubwa iliyobebana migongoni. Mlango ulikuwa uleule, lakini juu yake sasa palichorwa ngao na majembe mawili. Mwanamume mnene aliyekuwa akikaza ngozi ya ngoma kizingitini alisimama alipowaona.

"Mwangaluka, mayu!" alimsalimu Hellen kwa Kisukuma. Kisha akamgeukia Odeta, akainama kwa mzaha. "Na huyu ndiye shemeji? Mimi Ngosha, mpiga ngoma. Tumechoka na jina lako humu ndani. Bosi akiona kikombe anasema Odeta, akiona ufagio anasema Odeta."

"Ufagio tena?" Odeta alisema.

"Ndoa ndiyo hiyo, shemeji. Tunakuandaa."

Hellen aliangua kicheko, wakaingia.

Odeta alisimama hatua mbili ndani ya mlango. Mguu wake ulitaka kupiga goti kama zamani, na hapakuwa na cha kupigiwa goti. Palipokuwa na meza ya Bwana palijengwa jukwaa la mbao, na juu yake ngoma zimepangwa kwa ukubwa kama ndugu wa tumbo moja. Ukutani yalitundikwa majembe ya kuchezea ngoma ya bugobogobo, vibuyu vya maziwa, na nyavu za zamani. Ule ubao mdogo uliokuwa ukionyesha namba za nyimbo za ibada sasa ulionyesha saa za ngoma: nne, nane, kumi. Mabenchi yalikuwa yaleyale. Akina mama kama ishirini wa kikundi cha wafuma vikapu kutoka Misungwi walikuwa wamejaa mbele, wanangoja ngoma ya saa nne, wanagawana karanga.

*Bwana*, alisema moyoni, *nyumba umehama. Mimi usinihame.*

"Umekuja."

Hakuhitaji kugeuka. Sauti hiyo ilikuwa ya chini na laini, sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu hamsini waimbe polepole wakamtii. Yeremia alisimama karibu na nguzo, shati jeupe, mvi mbili tatu kwenye ndevu. Alimtazama vile alivyokuwa akimtazama kabla ya kuinua mkono kuanzisha wimbo, kana kwamba ndani ya jengo zima kuna koo moja tu.

"Nimekuja," Odeta alisema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Hawakupikii huku?"

"Ndiyo natafuta wa kunipikia, shangazi."

"Huyu anajua cherehani kuliko sufuria, nakwambia mapema usije ukadai tumekudanganya."

Walicheka wote watatu. Yeremia akamsogelea Odeta, akashusha sauti. "Wageni wakishatazama ngoma ya kwanza, nitapanda jukwaani. Nitasema mbele yao wote kwamba nakuchumbia. Ngosha na wenzake wameandaa wimbo. Mahali hapahapa ulipolia, nataka upigiwe vigelegele."

Moyo wa Odeta ulijaa. Alitaka kusema ndiyo palepale. Kama angekuwa amesema, labda maisha yake yangekwenda njia nyingine, Mungu ndiye ajuaye. Lakini mama mmoja wa Misungwi aliita, "Msimamizi! Huku viti havitoshi!" na Yeremia akamgusa kiwiko, akasema, "Nipe dakika kumi. Bushra atawatembeza."

Bushra alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye hijabu ya rangi ya machungwa na maneno mengi. Alizaliwa mjini kwenye familia ya wafanyabiashara wa vitambaa, na mambo ya ngoma alikuwa ameyasoma yote kwa bidii. Aliwaonyesha majembe, akawaeleza wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya Wasukuma, wanavyoshindana kuwavuta watazamaji. Hellen, aliyezaliwa katika ushindani huo, alimsikiliza kwa adabu na kumsahihisha mara sita.

"Na huku," alisema Bushra, "kuna vitu vya kanisa lenyewe. Tulivikuta kwenye sanduku chini ya ngazi. Nimevipanga mwenyewe."

Lilikuwa kabati la kioo karibu na chumba kilichokuwa ofisi ya kanisa. Ndani mlikuwa na kengele ndogo ya mkononi, daftari la kwaya lenye nota za do-re-mi, na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, kimefunguliwa katikati.

"Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote," Bushra aliendelea. "Ni kitabu cha ubatizo. Ona kina majina, tarehe, nani kapokelewa. Nimefungua ukurasa wenye mwandiko mzuri kuliko zote. Maandishi ya kuunganisha, sisi hatukufundishwa, siyasomi sawasawa. Lakini si yanapendeza? Wageni wote wanapiga picha."

Hellen aliinama, akakunja macho. "Miwani nimeacha. Lakini Odeta, huu si mwandiko wa kaka yangu?"

Ulikuwa mwandiko wa Mwalimu Chenge. Odeta angeutambua hata usiku. Baba yake ndiye aliyemfundisha kusoma kwa mwandiko huo, kidole juu ya kidole, na tangu alipofariki, miaka miwili sasa, Odeta alikuwa anatunza barua zake chini ya godoro kama dawa. Alisogeza uso kwenye kioo kwa furaha.

Kisha akaona jina lake.

Kitabu hicho hakikuwa cha ubatizo. Kilikuwa kitabu cha nidhamu, kile ambacho wazee wa kanisa walikifungia kwa kufuli, na ambacho hakuna muumini aliyewahi kukiona kimefunguliwa. Mtu yeyote aliyekulia katika usharika ule angekichukua kwa mikono miwili na kukirudisha kwa wazee. Bushra hakujua. Aliona majina na neno *amepokelewa*, akadhani ni watoto wachanga.

"Bushra, mdogo wangu," Odeta alisema polepole, "kina muda gani hapa?"

"Tangu mwezi wa tatu, dada. Kaka Yeremia mwenyewe hajawahi kukiona, kona hii ya ofisi hapendi kuikaribia."

"Kifungue nikisome."

"Kwa kweli haturuhusiwi, ila wewe ni wa nyumbani." Bushra akatoa ufunguo.

Odeta alikishika kitabu. Kwa kuwa shangazi yake alikuwa hana miwani, alimsomea kwa sauti ya chini, na alipofika katikati alijuta kuanza, lakini hakuweza tena kuacha.

"*Jumamosi, 19 Agosti 2017. Sisi wazee wanne tumekutana ofisini baada ya sala ya jioni. Amefika mwalimu wa kwaya, Yeremia Mafuru. Amekiri kwamba mimba ya Odeta ni yake. Ameomba msamaha. Tumempokea kundini. Imekubaliwa jina lake lisitangazwe, kwa kuwa kwaya inakwenda kwenye mashindano Musoma mwezi ujao na mwalimu mwingine hatuna. Mwenyewe ameafiki. Odeta atasimama kesho kama ilivyo desturi.*"

Chini yake palikuwa na mistari mingine, ya wino uleule.

"*Jumapili, 20 Agosti. Odeta binti Chenge amesimama. Ameungama. Ameulizwa mwenzake, hakumtaja. Amepokelewa. Katibu, Mwl. Chenge.*"

Hellen, ambaye hakukosa neno hata msibani, alikaa chini, juu ya benchi, taratibu, kama mtu anayeshushwa.

"Kaka," alisema mwishowe. "Kaka yangu alijua?"

"Alikuwa na jina mfukoni, shangazi. Wakaniuliza mbele ya watu, na yeye alikuwa ameshaliandika."

"Kwa sababu ya mashindano?"

"Tulishika nafasi ya pili," Odeta alisema. Alishangaa kwamba analikumbuka hilo. "Kikombe kilikaa pale dirishani."

Alimkumbuka baba yake baada ya hapo, alivyompenda Rose kupita kiasi, alivyombeba begani mpaka mtoto akawa mzito, alivyokataa kabisa Odeta akaripiwe nyumbani hata kwa neno moja. Watu walisema, Mwalimu Chenge ana moyo wa msamaha. Odeta naye alisema hivyo kaburini kwake, kwa machozi. Sasa hakujua machozi yale ayadai kwa nani.

Dakika kumi zilikuwa zimekwisha. Yeremia alikuja akitembea haraka, akitabasamu, akijifuta mikono kwa leso. Alipoona jalada jeusi, mwendo ukakatika.

"Nani amekifungua hicho kitabu?" aliuliza.

"Mimi, kaka Yeremia," alisema Bushra. "Nimekosea?"

Odeta alimtazama Yeremia machoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, macho yale yalimkwepa.

"Umeuliza nani amekifungua," alisema. "Hukuuliza nimesoma nini."

"Odeta..."

"Nisimulie tena habari za meli."

"Tafadhali."

"Nataka kuisikia. Ziwa lilichafuka? Mama yako alikuwa na homa? Mimi nilimwombea mama yako, Yeremia. Tangu uliporudi. Nilipiga magoti nikisema, Bwana, umpe afya, maana kuumwa kwake kulinitenga na mtu wangu. Kumbe Jumamosi jioni ulikuwa hapa." Alionyesha mlango wa ofisi. "Chumba hiki. Mimi nilikuwa nyumbani napiga pasi nguo ya kusimamia."

Yeremia hakukana, na Odeta alimshukuru Mungu kwa hilo dogo.

"Baba yako ndiye aliyeniita," alisema. "Alisema, nikisimama na wewe, kwaya inavunjika, na mimi nafukuzwa kazi, na wewe utabaki na mtu asiye na kazi. Alisema nikae kimya, nijipange, baadaye nije kuoa kwa heshima. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, Odeta. Alikuwa mwalimu wangu tangu darasa la tatu. Ningembishia vipi?"

"Kwa kuja mlangoni asubuhi yake. Ni hatua ngapi? Ulikuwa umelala wapi?"

"Nyuma ya kanisa," alisema kwa sauti iliyokaribia kutosikika. "Nyumba ya mlinzi. Niliwasikia wakikuuliza. Nikakusikia ukijibu."

Hellen aliinua kichwa. "Ulikuwa nyuma ya ukuta huu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Usiniite shangazi. Ngoja kwanza."

Yeremia alimshika Odeta mkono, na mkono wa Odeta, Mungu amsamehe, haukukataa. Ulilikumbuka joto lile. Ungeweza kubaki mle mpaka jioni.

"Nilikosa," alisema. "Nilikosa na nikadanganya, na uongo ukazaa uongo. Lakini nakupenda. Sijawahi kumpenda mwingine. Rose anahitaji baba. Kitabu nitakichoma leo hii."

"Usikichome. Ni kitu pekee hapa ndani kilichosema kweli." Odeta alivuta pumzi. "Nisikilize, Yeremia. Mimi ni mtu wa kusamehe, unanijua. Sikudai miaka. Nakudai kitu kimoja. Ulisema utapanda pale jukwaani unichumbie mbele ya watu. Panda. Lakini kabla ya kunichumbia, waambie akina mama wale kwamba Rose ni mwanao, na kwamba siku ile niliposimama peke yangu wewe ulikuwa nyuma ya ukuta. Maneno mawili tu. Kisha niulize swali lako, na mimi nitakujibu ndiyo. Naapa nitajibu ndiyo."

Yeremia alitazama kule mbele. Akina mama walikuwa wametulia, wanamtazama Ngosha akipasha moto ngoma. Mmoja wao, aliyevaa kilemba cha kijani, aligeuka kuangalia kuna nini huku nyuma. Pembeni walikaa wanaume wawili wenye suti, wageni wa heshima, waliokuja kuona kazi ya msimamizi.

Alilowesha midomo.

"Odeta, wageni wapo," alisema. "Wale wawili ndio wanaosaini mkataba wangu. Twende nje, nyuma huko kwenye miamba, tuongee vizuri. Nitakuambia kila kitu unachotaka. Nitapiga magoti. Lakini si hapa."

Odeta alitoa mkono wake ndani ya mkono wa Yeremia. Aliutoa bila haraka, kama mtu anayechomoa sindano kitambaani asije akajichoma.

"Furaha unaitaka jukwaani," alisema. "Aibu unaitaka nyuma kwenye miamba."

"Si hivyo."

"Ni hivyo, mpenzi wangu. Umefanywa hivyo, na nadhani sisi ndio tuliokufanya. Baba yangu kwa kalamu yake, na mimi kwa kunyamaza kwangu."

"Shemeji!" Ngosha aliita kutoka jukwaani, asijue lolote. "Ngoma imewaka! Tuanze, au bosi anaongea kwanza?"

Watu wote wakageuka. Wengine walishaanza kutabasamu, maana harufu ya posa watu huisikia mbali. Odeta aliona uso wa Yeremia ukimsihi. Aliona midomo yake ikitengeneza neno *tafadhali*. Alimpenda sana wakati ule, na moyo ulimwuma kwa namna ambayo haukuuma hata siku ya kusimama, kwa kuwa siku ile angalau alikuwa na mtu wa kumngoja.

*Bwana*, aliomba, *sitaki kulipiza. Nishike ulimi, usiache uteleze.*

Alimpa shangazi yake kitabu, akatembea kati ya mabenchi mpaka mbele. Hakupanda jukwaani. Alisimama sakafuni, akawageukia watu.

"Samahanini, mama zangu," alianza. "Nitasema kidogo, kisha mtatazama ngoma yenu."

"Paza sauti, binti!" alisema yule wa kilemba cha kijani. "Huku pembeni hatusikii!"

"Ninaitwa Odeta. Nina mtoto wa kike, ana miaka saba, anaitwa Rose. Shuleni ameandikwa kwa jina la babu yake. Wengi waliniuliza baba yake ni nani, na sikumtaja, kwa kuwa niliombwa. Leo namtaja. Baba yake ni Yeremia Mafuru, msimamizi wa nyumba hii, yule pale."

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mtama. Wale wenye suti walitazamana. Ngosha aliweka chini vijiti vyake. Bushra alikuwa amejishika mashavu, analia, hajui kosa lake liko wapi. Hellen alisimama, kitabu kifuani, akaja akasimama nyuma ya mtoto wa kaka yake.

Yeremia hakusogea. Alisimama kando ya nguzo, mikono imeanguka, na machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Kesho alikuwa alete washenga nyumbani kwetu," Odeta aliendelea. Sauti yake ilitetemeka, kisha ikapata mahali pa kukanyaga. "Mimi nilikuja hapa leo nimkubali. Sasa naahidi mbele ya Mungu, na ninyi mnaonisikia muwe mashahidi wangu. Rose ataambiwa leo hii baba yake ni nani, na siku yoyote atakayotaka kumwona, nitamleta kwa mkono wangu mwenyewe. Sitamsema vibaya mbele ya mtoto. Lakini mimi sitaolewa na Yeremia. Sitaolewa naye kesho wala mwakani, hata aje na ukoo mzima. Na hili nalisema huku bado nampenda, asije mtu akasema kwamba ilikuwa hasira."